Picha za sodiamu zafichua hali ya misuli baada ya mazoezi

Mkimbiaji anapomaliza zoezi kali, pumzi humrudia baada ya muda mfupi na huenda mkufunzi akaamini yuko tayari kuanza tena. Misuli, hata hivyo, huwa bado na kibarua. Ili kukichunguza, wanasayansi hawalazimiki kukata kipande cha msuli. Wanaweza kupiga picha ya sodiamu.

Sodiamu ndiyo iliyomo katika chumvi ya mezani. Nje ya seli huwa nyingi, takriban milimoli 140 kwa lita, ilhali ndani huwa kidogo mno. Kila msuli unapojikaza, sodiamu hupenya ndani. Pampu ndogo katika utando wa seli huitoa, chembe tatu kwa kila mbili za potasiamu zinazoingizwa, na kazi hiyo hula nishati. Jens Christian Skou wa Denmark aliielezea pampu hiyo mwaka wa 1957 na akawa miongoni mwa waliotuzwa Nobel ya kemia mwaka wa 1997.

Kwa kawaida mtambo wa MRI husoma haidrojeni iliyo katika maji na mafuta ya mwili. Sodiamu pia huitikia sumaku, ila ishara yake ni hafifu mara maelfu na hufifia upesi. Huhitajika koili maalumu, sumaku yenye nguvu na subira, na bado picha hutoka na ukungu.

Licha ya ukungu huo, mengi huonekana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha mwaka wa 2000 kwamba ishara ya sodiamu hupanda baada ya mazoezi, kisha hushuka polepole. Nusu ya ongezeko hilo huchukua takriban nusu saa kuisha. Nchini Ujerumani, mbinu hiyo imetumiwa kwa wagonjwa wa paramyotonia, maradhi ya kurithi ambayo huzidishwa na baridi. Milango ya sodiamu haifungi sawasawa, na msuli hukakamaa kisha hulegea.

Tatizo ni kwamba picha hujumlisha sodiamu ya ndani na ya nje ya seli. Msuli uliovimba kwa maji waweza kuonekana umejaa sodiamu ilhali pampu zake ni nzima. Zipo mbinu za kupunguza ishara ya majimaji ya nje, lakini haziiondoi yote, na mkufunzi atakayeitegemea picha pekee anaweza kumpumzisha mwanariadha asiye na hitilafu yoyote.