Je, Binti wa Mgonjwa wa Lupasi Aogopwe?

Hutokea posa ikaletwa, mahari ikakubaliwa na wazee wakaanza kutaja siku. Kisha mtu mmoja wa ukoo akanong'ona: "Mama yake binti yule anaumwa lupasi. Haya si maradhi ya kurithi?" Mazungumzo hupoa, mshenga haonekani tena, na binti hubaki na aibu ya kosa asilolitenda. Tumeona vyema wiki hii tulijibu swali hilo, kwani jibu lake si la neno moja.

Lupasi ni maradhi ambayo kinga ya mwili, tuliyoumbiwa itulinde na vijidudu, humgeukia mwenyewe. Hushambulia maungio, ngozi, figo, damu na hata moyo. Hayaambukizi. Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 15 na 44, umri ule ule wa kuolewa na kuzaa.

Urithi una nafasi yake. Wataalamu wamekwisha kutambua sehemu zaidi ya 100 za vinasaba zinazohusiana na maradhi haya. Lakini tuwatazame mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vile vile. Mmoja akiugua, hatari ya mwenzake huwa kubwa kuliko ya ndugu wa kawaida. Hata hivyo, aghalabu mwenzake hubaki mzima. Kinachorithiwa, basi, si ugonjwa wenyewe bali ni wepesi wa kuupata. Ni mfano wa kuni kavu, ambazo haziwaki mpaka ziguswe na moto. Miongoni mwa mioto hiyo ni jua kali, maambukizi, moshi wa sigara na baadhi ya dawa.

Kwa hesabu, katika watoto 100 wa wazazi wenye lupasi, takriban watano ndio huja kuugua.

Ipo hali moja adimu inayotaka tahadhari zaidi. Wapo watoto wanaozaliwa bila protini ya kinga iitwayo C1q, na karibu wote huugua lupasi au maradhi yanayofanana nayo, mara nyingi wangali wadogo. Mtoto huikosa protini hiyo anapopokea kinasaba chenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia, jambo linalotokea zaidi wazazi wanapokuwa wa damu moja. Ukoo uliopata mtoto wa namna hiyo umwone daktari kabla ya kuozeshana watoto wa ndugu.

Kwa jamaa wengine, faida ya kujua ni kuwahi. Homa zisizokwisha, maungio kuvimba, vidonda vya kinywa, nywele kunyonyoka na vipele mashavuni visiitwe malaria kila mara, wala visipelekwe kwa mganga. Vipimo vya damu na mkojo huweza kufichua madhara ya figo mapema. Dawa zipo, na mwanamke mwenye lupasi huweza kuzaa salama iwapo maradhi yametulia kwa miezi sita kabla ya mimba na daktari anamfuatilia. Vivyo hivyo, amshauri daktari kabla ya kufunga Ramadhani.

Basi wazee waliositisha posa kwa mnong'ono, tunawaomba wamrudishe mshenga. Binti huyo anahitaji kupimwa akionyesha dalili, hahitaji kukimbiwa.