Kulitunza Trekta Kuukuu la Chama Kabla ya Mvua

Mkoa wa Singida una msimu mmoja tu wa mvua. Kwa kawaida mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na mara nyingi hukatika kwa siku kadhaa katikati. Mkulima wa mtama, mahindi au alizeti ana majuma machache tu ya kulima na kupanda. Trekta likiharibika mwezi wa Juni, chama hupata hasara ya fedha. Likiharibika baada ya mvua za kwanza, hasara ni ya fedha pamoja na mavuno ya kila mwanachama aliyekuwa akingoja zamu yake. Kwa sababu hiyo, utunzaji wa trekta si jambo la dereva peke yake, bali ni jambo la chama kizima.

Trekta lenyewe

Chama kisichoweza kununua trekta jipya aghalabu hununua lililokwisha kutumika. Miongoni mwa matrekta madogo ya zamani yanayofahamika sana Afrika Mashariki ni Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1970. Lililo la dizeli lina injini ya Perkins yenye silinda tatu, na nguvu zake hukaribia farasi 45. Sifa yake ni wepesi wa kueleweka: halina vyombo vya umeme vya kutatanisha, na fundi mwenye spana na subira huweza kulifungua na kulifunga. Injini ya jamii hiyo ilitumika pia katika Massey Ferguson 240, jambo linalorahisisha upatikanaji wa vipuri. Hata hivyo, anayetumwa dukani yafaa achukue kipuri cha zamani pamoja na namba ya injini, kwani vipuri vinavyofanana kwa macho si lazima vilingane kwa kipimo.

Somo la Kongwa

Wazee wa mikoa ya kati wanaukumbuka mpango wa karanga ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947 huko Kongwa, katika Mkoa wa sasa wa Dodoma. Mengi ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa masalia ya Vita Kuu ya Pili, yaliyokwisha kuchakaa. Ardhi ilikuwa ngumu, madereva walifundishwa kwa haraka, na vipuri havikufika kwa wakati. Mengi yalilala kabla ya kazi kupamba moto. Mpango huo uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 30. Yako mengine yaliyouangusha, ukiwemo uhaba wa mvua. Lakini somo kuhusu mitambo limebaki wazi. Ukubwa wa fedha haulilindi trekta lisilotunzwa.

Kazi za kila asubuhi

Kabla injini haijawashwa, dereva na msaidizi wake hawana budi kutimiza mambo yafuatayo, trekta likiwa limesimama mahali palipo sawa:

1. Kupima oili ya injini kwa kijiti chake, na kuiongeza ikiwa imeshuka chini ya alama.
2. Kutazama maji ya rejeta, na kuondoa makapi na majani yaliyoziba matundu yake. Kifuniko kamwe kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwani maji yachemkayo huruka na kuunguza uso.
3. Kuangalia chujio la hewa na mkanda wa feni.
4. Kutia grisi kwenye nipeli zote, hasa za ekseli ya mbele na za mikono inayonyanyua plau.
5. Kukaza nati za magurudumu, na kukagua tairi kama zina miiba.

Kazi hizi huchukua muda usiozidi nusu saa. Anayeziruka ili awahi shambani huenda akakaa shambani siku tatu akimngoja fundi.

Vumbi na maji

Adui wa kwanza wa injini katika Singida ni vumbi. Trekta hili huvuta hewa kupitia chujio lenye bakuli la oili, ambalo kazi yake ni kukamata vumbi kabla halijaingia ndani. Wakati wa kulima ardhi kavu, bakuli hilo lifunguliwe kila siku. Tope likiwa limejikusanya chini, oili imwagwe, bakuli lisafishwe, na oili safi itiwe hadi kwenye alama, pasipo kuzidi. Vumbi likipita, husaga silinda na ringi za pistoni kama msasa usagavyo ubao, na nguvu za injini hupungua bila sauti ya kumwonya mtu.

Adui wa pili ni maji katika dizeli. Pampu ya dizeli na nozeli zake zimetengenezwa kwa vipimo vya kubana sana, na tone la maji au chembe ya mchanga huziharibu. Dizeli iliyoletwa kwa pipa iachwe itulie usiku kucha, nayo isichotwe mpaka chini kabisa ya pipa. Tangi lijazwe jioni baada ya kazi, kwa sababu tangi lililo nusu hupata unyevu kutokana na baridi ya usiku.

Dizeli ikiisha kabisa, hewa huingia katika mirija na injini hukataa kuwaka. Hapo stata isilazimishwe mpaka betri ife. Hulegezwa skrubu ya juu ya chujio la dizeli, kisha mkono mdogo wa pampu ya kuvuta dizeli hupigwa kwa kidole mpaka dizeli itoke bila mapovu, ndipo skrubu hukazwa. Kazi hiyo hurudiwa kwenye skrubu za pampu kubwa. Kila dereva wa chama yapasa aifanye mwenyewe mbele ya fundi kabla hajakabidhiwa trekta.

Kujifunza kuendesha

Kuendesha gari si kuendesha trekta. Mwanafunzi aanze mahali pa wazi pasipo na plau, ajifunze klachi, gia na breki, ndipo afundishwe kulima. Mguu usipumzishwe juu ya klachi, maana huila pole pole. Injini ipashwe moto kidogo kabla ya kazi nzito, na baada ya kazi iachwe inguruma taratibu kwa dakika chache kabla ya kuzimwa.

Mambo matatu huua watu. La kwanza ni kufunga mnyororo mahali pa juu wakati wa kuvuta kisiki au gari lililokwama: trekta hunyanyuka mbele na kumwangukia dereva kinyumenyume. Mnyororo ufungwe chini, kwenye chuma cha kuvutia. La pili ni kupakia watu juu ya madigadi. La tatu ni shafti ya nyuma inayozungusha mashine ya kupukuchua, ambayo huzunguka mara 540 kwa dakika. Ikikamata kanga au mkono wa shati, hakuna nguvu ya mtu itakayoizuia. Shafti hiyo isitumike bila kifuniko chake.

Dalili za ugonjwa

Moshi mweusi huonyesha mzigo mkubwa mno, chujio la hewa lililoziba au nozeli mbovu. Moshi wa buluu huonyesha oili inaungua ndani ya silinda. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imechanganyika na maji. Oili inayoongezeka yenyewe imeingiliwa na dizeli, na mara nyingi chanzo ni ngozi ya pampu ndogo iliyotoboka. Katika hali hizo mbili za mwisho, injini izimwe mara moja, kwani kuiendesha ni kuiua.

Kitabu cha trekta

Hapa ndipo kazi ya katibu inapoanza. Trekta huhesabiwa umri kwa saa za kazi. Oili ya injini na chujio lake kwa kawaida hubadilishwa kila saa 200 hadi 250, au mapema zaidi penye vumbi jingi. Pasipo maandishi, hakuna ajuaye saa hizo zimefika. Kitabu kionyeshe tarehe, saa zilizofanywa, ekari na mwenye shamba, lita za dizeli, na matengenezo yote. Dereva atie sahihi kila jioni.

Tuseme trekta hulima ekari moja kwa saa moja na nusu. Ekari 300 ni saa 450, yaani oili itabadilishwa karibu mara mbili katika msimu huo. Na tuseme chama kimeamua kutenga shilingi 10,000 katika malipo ya kila ekari kwa ajili ya vipuri. Ekari 300 zitaleta shilingi 3,000,000. Fedha hizo zikae katika hesabu yake pekee, zisikopwe kwa posho wala safari. Chama kinachosubiri trekta liharibike ndipo kianze kuchangisha, kimekwisha kuupoteza msimu.

Kitabu hicho hicho hulinda haki. Orodha ya zamu ibandikwe ofisini, na shamba la kiongozi lisiruke foleni. Mwanachama akiona shamba lake limepitwa bila sababu, hatalipa mwaka unaofuata, na trekta litakosa kazi hata likiwa zima.

Miezi ya Septemba na Oktoba ndiyo ya kulikagua trekta kwa ukamilifu: kubadilisha oili, kupima nozeli, kurekebisha breki, na kununua machujio na mkanda wa akiba kutoka mjini. Kamati isikilize taarifa ya dereva na kukisoma kitabu katika kikao kimoja kabla ya mwisho wa Oktoba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na Desemba, mvua ikiwa imekwisha kunyesha, hakuna nafasi ya kujenga ukuta.