Ubao Uliopita Motoni

Mara nyingi mtu hujenga nyumba wakati wa kiangazi, akatia mlango wa mbao za msindano, nao ukafunga barabara. Mvua za masika zinyeshapo, mlango ule ule hukaza, haufunguki ila kwa teke. Watu humlaumu fundi. Kumbe huenda kosa ni la maji yaliyomo ndani ya ubao.

Wakulima wa Kifanya, katika nyanda za juu za Njombe, waijua vema misindano. Mzazi huipanda leo ili imsaidie kumsomesha mtoto kesho. Basi yawafaa vijana wajue pia tabia ya ubao wenyewe.

Ndani ya ubao mna vitu vipendavyo maji. Hewa ikiwa na unyevu, ubao huyanywa na kuvimba. Hewa ikikauka, huyatoa na kusinyaa. Kuanika mbao huondoa maji, lakini kiu hubaki.

Katika miaka ya 1990, wataalamu wa Finland walikuza njia ya kuipunguza kiu hiyo. Ubao uliokwisha kukauka huwekwa katika tanuri lililofungwa, lenye mvuke badala ya hewa ili usiwake, kwa joto la digrii 160 hadi 230 za sentigredi. Hapo sehemu kubwa ya vitu vile huvunjika. Ubao hutoka na rangi ya kahawia, mwepesi kidogo. Unyevu unaouchukua huweza kupungua karibu nusu, haupindi upesi, wala hauozi kwa urahisi. Msaji na mkaratusi nazo hubadilika vivyo hivyo, kila mti kwa kiasi chake.

Lakini moto hautoi pasipo kutwaa. Ubao huo huvunjika upesi, na joto likizidi, nguvu zake huweza kupungua hata kwa theluthi. Tena mchwa hawauogopi. Kwa hiyo wafaa kwa milango na madirisha. Haufai kwa boriti za paa, wala kwa nguzo za kuchimbiwa ardhini.

Asiye na tanuri asikate tamaa. Na azipange mbao zake kivulini, juu ya magogo, akitia vijiti kati yake ili upepo upite, wala asiharakishe kuziuza.

Biashara ni amana. Mwuzaji asiuze ubao mbichi kwa jina la mkavu, wala asimpe mtu wa kuezekea ubao uliopungukiwa nguvu. Kwani chini ya paa hilo watalala watoto.