Panya Aliyelala na Picha ya Ubongo Wake
Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha, kwa panya waliotiwa nusukaputi, kwamba mashine ya sumaku huweza kuonyesha hali ya oksijeni katika damu ya ubongo. Kumbuka basi, mwanafunzi: kinachopigwa picha ni damu, wala si neva zenyewe. Isoflureni humlaza panya, lakini pia huitanua mishipa ya damu. Dawa inayojaribiwa ikiamsha neva, mishipa iliyokwisha kutanuka haina nafasi kubwa ya kutanuka tena. Dawa njema yaweza kudhaniwa butu! Ketamini nayo huziba vipokezi fulani vya glutamati, pengine vilevile vinavyochunguzwa. Wengine humzoeza panya kutulia akiwa macho. Lakini panya aliyebanwa huogopa, na hofu hiyo nayo huingia pichani.