Mionzi ya Kathodi na Kugunduliwa kwa Elektroni

Bomba la kioo lililotolewa karibu hewa yote, likiunganishwa na umeme wa volti nyingi, hung'aa rangi ya kijani upande unaoelekeana na kathodi, yaani ncha yake hasi. Mwaka 1876 Eugen Goldstein wa Ujerumani aliuita mkondo unaosababisha mng'aro huo mionzi ya kathodi. Swali likabaki: mionzi hiyo ni kitu gani?

Wataalamu wengi wa Ujerumani waliiona kuwa ni mawimbi, mfano wa nuru. Wenzao wa Uingereza, akiwamo William Crookes, walishikilia kuwa ni chembe zenye chaji hasi, kwa kuwa sumaku iliipinda. Lakini chembe zenye chaji hazina budi kupindwa na umeme pia. Na mwaka 1883 Heinrich Hertz aliipitisha mionzi kati ya mabamba mawili yenye umeme asione mpindo wowote. Shauri lilionekana kukatwa.

Mwaka 1897 J. J. Thomson alilirudia jaribio hilo katika Maabara ya Cavendish, Cambridge. Mwanzoni naye hakuona kitu. Ndipo alipotambua kwamba gesi iliyosalia bombani, ikipitiwa na mionzi, hupitisha umeme na kuikinga mionzi isifikiwe na nguvu ya mabamba. Alipoipunguza gesi zaidi, mionzi ilipinda kuelekea bamba chanya.

Kisha akasawazisha mpindo wa umeme na ule wa sumaku, akapata mwendokasi wa chembe na uwiano kati ya chaji na tungamo lake. Uwiano huo ulikuwa mara 1,000 hivi ya ule wa ioni ya hidrojeni, wala haukutegemea aina ya gesi au metali ya kathodi. Vipimo vyake vya mwaka 1899 vilionyesha kuwa chaji ilikaribiana na ya ioni hiyo. Basi kilichokuwa kidogo ni tungamo. Leo yajulikana kuwa tungamo la elektroni ni takriban 1/1,836 ya lile la protoni. Atomi, iliyodhaniwa haigawanyiki, ilikuwa na sehemu ndani yake.

Hertz hakudanganya, aliandika alichokiona. Kasoro ilikuwa katika ombwe la bomba lake. Mwanafunzi anayeandika daftarini “hakuna badiliko” hana budi kujiuliza kwanza: je, chombo hiki kingeweza kulionyesha badiliko hilo, kama lingekuwapo?