Pikipiki ya Mbio Isiyoumiza: Mambo ya Kurekebisha Kabla ya Kufungua Pochi

Pikipiki ya mbio hutambulika kwa umbo lake. Usukani wake uko chini, vikanyagio viko juu na nyuma, na mwendeshaji huinama juu ya tangi la mafuta kama mpanda farasi wa mashindano. Umbo hilo lilizaliwa viwanjani. Suzuki GSX-R750 ilipoingia sokoni mwaka 1985, wanunuzi waliipenda kwa sababu ilikuwa karibu sana na pikipiki za mashindano, na viwanda vingine vikafuata njia hiyo. Anayeinunua leo ili aende kazini kutoka Mbezi hadi Posta, au asafiri mwisho wa juma kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, ananunua kifaa kilichobuniwa kwa matumizi mengine. Maumivu ya viganja, shingo, mgongo na magoti yanayomfika baada ya wiki mbili si dalili ya udhaifu wake, wala si lazima yawe dalili ya pikipiki mbovu.

Hata hivyo si jambo la kuvumilia kimya. Mwendeshaji mwenye vidole vilivyokufa ganzi hajui tena ni kwa nguvu kiasi gani anaubana mkono wa breki ya mbele, na breki hiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki. Mwenye shingo iliyokakamaa hageuki kutazama pembeni kabla ya kubadili njia. Kwa hiyo starehe tunayoizungumzia hapa ni sehemu ya usalama, na fedha zinazotumika kuitafuta zitumike kwa akili, kwa maana soko la vifaa vya pikipiki limejaa vitu ambavyo havitibu chochote.

Maumivu hutoka wapi

Ukiinama mbele, uzito wa kifua na kichwa hutafuta mahali pa kuegemea. Katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa upepo hukipiga kifua kwa nguvu ya kutosha kuubeba sehemu ya uzito huo, na mikono hupumzika. Nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukipunguza mwendo hadi nusu, nguvu hiyo hubaki robo tu. Katika foleni ya Ubungo, pikipiki ikitambaa kwa kilomita 15 kwa saa, upepo haupo kabisa na mzigo wote huangukia vifundo vya mikono. Ndiyo maana mtu anaweza kufika Chalinze akiwa mzima, kisha akaumia katika kilomita 10 za mwisho za kurudi mjini.

Sababu ya pili husahaulika. Viti vya pikipiki nyingi za mbio huteremka kuelekea tangi. Kila unapofunga breki unateleza mbele kidogo, na usiporudi nyuma utajikuta umebanwa dhidi ya tangi, mikono imenyooka, mabega yamepanda. Wengi huulaumu usukani kwa kosa la kiti.

Jichunguze kabla ya kumwona fundi. Ganzi ikishika kidole kidogo na kile cha pete, mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje wa kiganja unabanwa. Mara nyingi huo ni uzito ulioegemea ukingo wa kiganja. Ikishika kidole gumba, cha shahada na cha kati, mshipa unaobanwa ni ule upitao katikati ya kifundo, na kosa kwa kawaida ni kifundo kilichokunjwa kwa sababu mikono ya breki na klachi imefungwa juu mno au chini mno. Ganzi ikisikika mikononi yote na kuongezeka injini inapozunguka kwa kasi fulani, chanzo ni mtetemo. Ganzi isiyoondoka saa kadhaa baada ya kushuka ni ya kupelekwa kwa daktari, si dukani.

Marekebisho yasiyo na gharama

Anza na mikono ya breki na klachi. Keti kwenye pikipiki kama unavyoendesha, nyoosha vidole juu ya mikono hiyo, kisha mtu akutazame kutoka pembeni. Mkono wako kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole uwe mstari mmoja. Kama kifundo kimepinda, legeza skrubu za kishikizo, zungusha kidogo, kaza tena. Pikipiki nyingi zina pia kigurudumu kidogo chenye nambari kinachousogeza mkono wa breki karibu au mbali na vidole. Wenye viganja vidogo wakitumie. Kazi hii huchukua dakika kumi na spana moja au mbili, nasi twaamini hakuna kifaa cha kununuliwa kinacholingana nayo kwa manufaa.

Linalofuata ni namna ya kukaa. Yabane mapaja kwenye tangi, hasa unapofunga breki, ili miguu na misuli ya tumbo ndiyo ibebe mwili. Viwiko vikunjwe. Jaribio ni rahisi: ukiwa katika mwendo wa wastani kwenye barabara tupu, unapaswa kuweza kuvipigapiga viwiko kama mbawa za kuku bila usukani kutikisika. Ukishindwa, unauegemea. Kama suruali yako huteleza kwenye rangi ya tangi, vipande vya mpira vya kubandika pande zote mbili husaidia, navyo ni miongoni mwa vitu vichache vya bei ndogo vinavyostahili bei yake.

Begi la mgongoni liondoke mgongoni. Kilo sita za kompyuta na chakula cha mchana huongeza mzigo uleule unaoumiza viganja na shingo. Lifungwe kwenye kiti cha nyuma kwa mikanda isiyoweza kuanguka kwenye cheni.

Upepo wa matairi upimwe matairi yakiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki au katika kitabu chake. Tairi lililojazwa kupita kiasi hupitisha kila jiwe hadi kwenye uti wa mgongo. Lakini wapo wanaopunguza upepo chini ya kiwango wakitafuta ulaini. Hao hupata tairi linalochemka, linaloyumba konani na linaloisha pembeni kabla ya wakati. Cheni nayo itazamwe: cheni iliyolegea mno au iliyokauka hufanya pikipiki iruke kila unapofungua au kufunga mafuta, na kila mruko hupokelewa na mikono.

Shokapu na uzito wako

Hapa ndipo penye faida kubwa na ndipo wamiliki wengi hawajawahi kugusa. Springi za pikipiki zinapaswa kudidimia kwa kiasi fulani mwendeshaji anapokaa. Zisipodidimia vya kutosha, gurudumu haliwezi kushuka kuufuata mtaro, na kila tuta linakurusha. Zikididimia mno, shokapu hugonga mwisho wake.

Kupima kunahitaji watu watatu na futi ya kupimia. Inueni sehemu ya nyuma mpaka gurudumu linataka kuachana na ardhi, pimeni kutoka katikati ya ekseli kwenda juu wima hadi alama mliyoiweka kwenye mkia. Kisha mwendeshaji akae akiwa na koti, viatu na kofia ngumu, miguu ikiwa kwenye vikanyagio, mmoja akiizuia pikipiki isianguke, na mwingine apime tena palepale. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kudidimia. Kwa pikipiki ya mbio itumikayo barabarani, milimita 30 hadi 40 nyuma ni kiasi kinachokubalika kwa wengi. Ikiwa umepata 15, springi imekazwa kuliko uzito wako. Ilegezwe kwa pete iliyo juu ya shokapu. Ikiwa umepata 60, ikazwe.

Ikiwa pete imefika mwisho na kipimo bado hakijakaa sawa, springi yenyewe haikufai, na huo ndio wakati wa kufikiria kununua nyingine. Skrubu ndogo zinazodhibiti kasi ya shokapu kupanda na kushuka zisiguswe kabla ya kuhesabu na kuandika zilikuwa wapi. Pikipiki iliyonunuliwa ikiwa imetumika huenda ilirekebishwa na mwenyewe wa awali, mtu wa uzito mwingine au mpenzi wa viwanja vya mashindano.

Vitu vya kununua, na tahadhari zake

Kiti ndicho cha kwanza. Fundi mzuri wa viti anaweza kujenga upya sponji, kuondoa mteremko na kupanua sehemu ya kukalia. Usimwombe akuwekee sponji laini. Sponji laini hupendeza dukani kwa dakika tano, lakini baada ya saa moja huwa imelala kabisa na unakalia plastiki iliyo chini yake. Sponji ngumu kiasi huusambaza uzito na kudumu. Kumbuka pia urefu. Yamaha YZF-R6 ina kiti cha milimita 850 kutoka ardhini na Honda CBR600RR milimita 820. Ukiongeza sponji ya sentimita 3, mtu mfupi atabaki akining'inia kwenye taa za barabarani, na pikipiki nyingi huanguka zikiwa zimesimama.

Kuinua usukani ni jambo linalohitaji maneno mengi zaidi, kwa sababu hapo ndipo marekebisho ya starehe yanapoweza kuua. Milimita 20 hadi 30 hutosha kubadilisha mkao wote. Lakini bomba la breki na waya za mafuta na klachi zilikatwa kiwandani kwa usukani ulivyokuwa. Kazi ikiisha, kabla ya kulipa, fanya haya mbele ya fundi. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia: bomba la breki lisivutike, vidole visibanwe kati ya usukani na tangi au plastiki za mbele. Kisha washa injini, iache ikinguruma polepole, geuza tena pande zote mbili. Injini ikipandisha mngurumo yenyewe, waya wa mafuta umevutika. Pikipiki hiyo inaweza kukimbia nawe unapokata kona kutoka kwenye maegesho. Usiondoke nayo. Bomba fupi libadilishwe kwa lililo refu zaidi na mfumo utolewe hewa, na gharama hiyo uiulize kabla ya kazi kuanza, kwa kuwa mara nyingi haimo katika bei ya kwanza unayotajiwa.

Vikanyagio vya kushushwa husaidia magoti. Sharti lake ni kwamba kanyagio la breki na la gia yarekebishwe pamoja navyo, na ujue kwamba pikipiki itakwaruza lami mapema zaidi inapolala konani.

Kioo cha mbele kirefu tunakishauri kwa uangalifu. Kinaondoa upepo kifuani, upepo uleule uliokuwa ukikubeba, na mara nyingine huuhamishia kwenye kofia ukawa msukosuko na kelele. Kelele za upepo ndani ya kofia katika mwendo wa barabara kuu hupita desibeli 85, kiwango kinachotumika kazini kama mpaka wa kuanza kuyalinda masikio kwa siku ya saa nane. Vizibo vya masikio vya sponji hugharimu kidogo sana na huondoa uchovu ambao wengi hudhani unatoka mgongoni. Vizito vya chuma vya ncha za usukani hupunguza mtetemo. Vishikio vinene vya sponji huwasaidia wenye viganja vikubwa na kuwachosha wenye vidogo.

Dukani na kwa fundi

Nunua kifaa kilichotajwa kwa jina na mwaka wa pikipiki yako, si kile ambacho muuzaji anasema kinaingia pikipiki zote. Usukani wa aluminiamu duni hupinda au kukatika. Mweleze muuzaji unakitaka kwa kazi gani, na dai risiti ya EFD yenye jina kamili la kifaa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, lakini mlalamikaji asiye na karatasi ana kazi kubwa ya kuthibitisha alichoambiwa. Kama pikipiki ingali na dhamana, uliza kwa maandishi kama mabadiliko unayokusudia yataifuta. Kampuni ya bima nayo ijulishwe.

Kwa ambaye bado hajanunua, ushauri ni mmoja: kaa juu ya pikipiki dakika 20 mahali ilipo, ukiwa umeinama, bila kuona haya. Pikipiki zenye sura ya mbio hazilingani. Kawasaki Ninja 650 ina usukani ulioinuliwa na kiti cha milimita 790, ilhali ZX-6R ya kampuni hiyohiyo inamlaza mwendeshaji juu ya tangi. Mtu wa safari za kila siku akichagua ya kwanza atakuwa ameokoa gharama ya karibu kila kitu tulichokieleza.

Na kila kifaa cha awali unachokitoa, kiti, usukani, vikanyagio, kifunge kwenye gunia na ukihifadhi. Siku ya kuiuza pikipiki, mnunuzi atakiulizia.