Je, Wajua? Mstari Mmoja, Pande Mbili

Je, wajua kwamba alama < na > zilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1631, katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, miaka 10 baada ya kifo chake?

Je, wajua kwamba jibu la x + y ≤ 10 si namba moja? Ni eneo zima: nukta zote za mstari x + y = 10, pamoja na zote za upande wake mmoja.

Je, wajua kwamba nukta moja hutosha kuutambua upande huo? Jaribu (0, 0). Kwa kuwa 0 + 0 ≤ 10 ni kweli, upande wenye nukta hiyo ndio wenyewe. Mstari ukipita hapohapo (0, 0), jaribu nukta nyingine.

Je, wajua kwamba mstari nao husema? Ukichorwa mfululizo, umo katika jibu (≤ au ≥). Ukichorwa kwa vidoti, haumo (< au >).

Je, wajua kwamba ukigawanya kwa namba hasi, alama hugeuka? −y < 3 huwa y > −3. Ukisahau, utatia kivuli upande usio wake.

Je, wajua kwamba wanafunzi wa Kenya na Uganda huzoeshwa kutia kivuli eneo lisilotakiwa, ilhali vitabu vya Marekani kwa kawaida hutia kivuli jibu lenyewe? Mistari ikiwa mingi, njia ya kwetu huliacha jibu likiwa jeupe, linaonekana wazi.

Je, wajua kwamba faida kubwa zaidi hupatikana kwenye kona ya eneo la jibu? Mkulima ana eka 10 na mtaji wa laki 14. Eka ya mahindi (x) hugharimu laki 2 na kuleta faida ya laki 3. Ya maharage (y) hugharimu laki 1 na kuleta faida ya laki 2. Chora x + y ≤ 10 na 2x + y ≤ 14, bila namba hasi. Kona (7, 0) yatoa laki 21, (0, 10) laki 20, na (4, 6) laki 24. Alime eka 4 za mahindi na 6 za maharage.

Je, wajua kwamba mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig alibuni njia ya kuhama kona hadi kona, hata vitu vya kuamua vikiwa mamia? Mrusi Leonid Kantorovich, aliyechapisha hesabu za aina hii mwaka 1939, alitunukiwa Nobeli ya Uchumi mwaka 1975.

Kwa kuwa faida kubwa zaidi iko kwenye kona, usiikadirie kona kwa macho. Itafute kwa hesabu.